Ng'ombe wa Nestor

Wiki tatu kabla ya mtihani nilikuwa bado sijaelewa kwa nini Wagiriki walishuka uwandani kupigana.

Mimi ni mwalimu wa Historia hapa Chemba. Shahada yangu naisoma kwa masafa: madesa yanakuja kwa simu, mtihani unafanyikia Dodoma mjini. Mwaka ule nilibakiwa na somo moja ambalo lilikuwa limeshanipeleka sapu, Ugiriki ya kale, kuanzia majumba ya Mikene hadi vita na Waajemi, pamoja na swali la lazima juu ya namna walivyopigana. Maji Maji naifundisha bila daftari. Misafara iliyokatiza Ugogo, hongo waliyotozwa kina Burton na Stanley, hayo nayaeleza huku nasahihisha kazi za darasa jingine. Huku kwingine nchi yenyewe sikuijua, na nilichokuwa nafanya ni kukariri tu: 776, michezo ya Olimpia, 490, Marathon, ngao, upana sentimeta 90, uzito kilo 7 hivi. Vitu vya kumwaga kwenye karatasi na kuvisahau kabla hujafika stendi.

Kilichonikera ni habari moja ya Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki. Anamsimamisha Mardonius, mkuu wa majeshi ya Uajemi, mbele ya mfalme wake akiwacheka Wagiriki kwamba wakishatangaziana vita hutafuta uwanda ulio mzuri na tambarare kuliko wote, wakakutana hapo, hata mshindi akaondoka na maiti wengi. Nchi yao ni milima mitupu. Mwenye mlima anao ukuta aliopewa bure. Sasa kwa nini ashuke?

Mtu aliyekulia huku hawezi kulipita swali hilo hivihivi. Karne ya 19 nyanda hizi za kati zilikuwa na vita vyake, na hakuna aliyetafuta uwanda mzuri. Wamasai walipokuja kuswaga ng'ombe wa Wagogo walikuja kwa kushtukiza, na jibu la wenye ng'ombe lilikuwa nyumba. Tembe ni jengo refu la udongo, paa lake bapa limejazwa udongo, mlango wa kuinamia, nalo limeuzunguka ua ambamo mifugo inalala. Adui hapati cha kuchoma kirahisi, na ng'ombe hatoki ila kwa lango analolijua mwenyewe. Upande wa magharibi, Farkwa na Kwa Mtoro, Wasandawe walitegemea upinde, mshale wa sumu na pori. Vita vya huku vilikuwa vya usiku na vya njia nyembamba.

Baba mkwe wangu ni Msandawe wa Farkwa. Nilimfuata Jumamosi moja kwa bodaboda, daftari kifuani ndani ya shati kukwepa vumbi. Upinde wake upo juu ya mlango kwa ndani, kamba imelegezwa, umeshika moshi wa miaka mingi hadi unang'aa kama mpini wa jembe. Mshale uliobaki ni mmoja, na ncha yake imefungwa kipande cha ngozi ili isimkwangue mtoto. Baada ya shikamoo na habari za wajukuu nikamuuliza, kwa adabu yote ya mkwe, kama wazee wake walikuwa na ngao.

"Ngao ya nini, Mwalimu? Ukimwona mtu na ngao yake, si umeshamwona?"

Nikaandika hilo pembeni ya ukurasa, nikarudi Chemba, nikaamua kuanza upya kutoka mwanzo kabisa, safari hii bila kukariri.

Mwanzo ni udongo. Katika majumba ya Knossos, kisiwani Krete, na Pylos, kusini-magharibi mwa Ugiriki bara, makarani waliandika hesabu za ikulu kwenye vibao vya udongo mbichi. Havikukusudiwa vidumu. Majumba yalipoungua, moto ukavikausha vikawa kama vyungu, na ndiyo maana tunavyo. Maandishi yake yalikaa bila msomaji hadi mwaka 1952, Mwingereza Michael Ventris, aliyesomea usanifu wa majengo, alipogundua kwamba lugha iliyomo ni Kigiriki cha zamani sana. Nilitegemea wafalme na mashujaa. Kilichomo ni kondoo, sufu, shayiri, mafuta, magurudumu ya magari ya farasi, na ng'ombe wa kulima wakiwa wawili wawili, pamoja na wachungaji wao. Vibao kadhaa vya Knossos vinataja hata majina ya maksai: Mweusi, Madoadoa, Miguu-Myeupe. Nilicheka peke yangu chini ya taa ya sola. Zaidi ya miaka 3,000 iliyopita karani wa ikulu alikaa akaandika jina la dume kwa rangi yake, kama anavyofanya kijana yeyote wa huku anayejua zizi la baba yake.

Pylos imeacha pia vibao vinavyoorodhesha walinzi wa pwani, kikosi baada ya kikosi, nani yuko wapi. Kisha ikulu ikateketea, karibu mwaka 1180 KK, na kuandika kukakoma. Wanahistoria wanabishana ni nani aliyechoma: wavamizi, njaa, waasi, tetemeko, au yote kwa zamu. Swali hilo hupendwa na watunga mitihani kwa sababu halina jibu.

Karne zilizofuata zina giza, japo giza hilo si tupu. Mahali paitwapo Lefkandi, kisiwani Euboea, walichimba jengo la urefu wa mita 50 hivi la katikati ya karne ya 10 KK, na chini ya sakafu yake mtu mmoja aliyechomwa na kuhifadhiwa kwenye chombo cha shaba, mwanamke mwenye dhahabu kando yake, na farasi wanne. Huyo alikuwa mkubwa wa watu. Ikulu ya kuandika hesabu zake haikuwepo tena.

Halafu anakuja Homer, na hapo ndipo nilipoacha kuchoka.

Madesa yangu yalimweleza Homer kwa mistari sita: karne ya 8 au mwanzo wa ya 7 KK, Iliadi na Odisei, mashujaa, heshima. Hayakusema kwamba ni mtu wa mifugo kuliko mwandishi yeyote wa Ulaya niliyewahi kumsoma. Bei ya kila kitu kwake ni ng'ombe. Mashujaa wawili wanabadilishana silaha katikati ya vita, na mshairi anasimama kutuambia mmoja kapunjwa, katoa zenye thamani ya ng'ombe 100 kapokea za ng'ombe 9. Binti mzuri husifiwa kwa mahari atakayoiingiza zizini kwa baba yake. Achilles, akigombana na mkuu wake Agamemnon mbele ya Troy, anajitetea kwamba yeye binafsi hana kesi na watu wa Troy: hawajawahi kuswaga ng'ombe wake wala farasi wake, wala kuharibu mazao ya kwao. Kwa hiyo wangekuwa wameswaga, vita ingekuwa halali. Mtu yeyote wa Chemba anaifahamu hoja hiyo bila mkalimani.

Lakini aliyenishika ni Nestor, mzee wa Pylos anayependa kusimulia ujana wake hata asipoulizwa. Anasema alipokuwa kijana aliingia nchi ya jirani, Elis, akamuua kwa mkuki mtu aliyekuwa akitetea ng'ombe wake, na watu wa shamba wakatawanyika. Wakaswaga makundi 50 ya ng'ombe, 50 ya kondoo, 50 ya nguruwe, 50 ya mbuzi, na farasi majike 150, wengi wana watoto wao. Wakatembea nao usiku kucha hadi Pylos. Asubuhi wapiga mbiu wakatangaza: yeyote anayewadai watu wa Elis aje. Watu wakaja, mali ikagawanywa, baba yake akachukua fungu kubwa kwa sababu aliwahi kudhulumiwa farasi wa mashindano. Siku ya tatu Elis wakaja na jeshi.

Kulipiza, safari ya usiku, kugawana asubuhi, kungoja wenyewe waje. Niliweka simu chini. Hawa ndio Wagiriki wa kwanza, nao wanapigana kama watu wa huku. Kwa hiyo swali langu lilikuwa limekaa vibaya. Wagiriki hawakuzaliwa na kupenda uwanda. Kuna kitu kilichowashusha huko, kati ya Nestor na Mardonius.

Kitu chenyewe, kwa kadiri ninavyoelewa, ni shamba. Karne ya 8 KK watu waliongezeka. Vijiji vikaungana kuwa miji yenye mipaka, watu waliokosa ardhi wakapanda mashua kwenda Sicily na kusini mwa Italia, na alfabeti ikaja kutoka kwa Wafoinike. Bonde lililokuwa malisho likapandwa shayiri, mizabibu na mizeituni. Ng'ombe ukimwona adui unamswaga ukakimbia naye. Mzeituni huuswagi. Mali ya Nestor ilikuwa na miguu, ya wajukuu zake ina mizizi, na mwenye mali ya mizizi hana budi kusimama ilipo. Adui akiingia bondeni wakati shayiri imekauka, kupanda mlimani ni kumwachia mavuno. Ndipo uwanda ukawa mahali pa vita: kwa sababu ndipo chakula kilipo. Uzuri wake kwa kupigania ulikuwa jambo la baadaye.

Vifaa vikabadilika na watu. Mwaka 1953 huko Argos walifukua kaburi la mwisho wa karne ya 8 KK lenye kofia ya shaba na dirii ya shaba iliyofinyangwa kifua na mgongo. Chungu kimoja kilichotengenezwa Korintho karibu mwaka 650 KK, kikapatikana Italia, kinaonyesha safu mbili za wanaume zikisogeleana, ngao kwa ngao, na nyuma yao kijana anapuliza zumari ili hatua zilingane. Huyo mwenye ngao anaitwa hopliti. Ngao yake ya mviringo ina kishikio cha mkono katikati, mkono unapita humo hadi kiwiko, na kiganja kinakamata kamba ukingoni. Hivyo nusu ya ngao humkinga mwenyewe, nusu hutokeza kushoto na kumkinga jirani.

Nilisoma sentensi hiyo mara nne, sikuiona. Jumatatu jioni nikaazima nyungo nane kwa kina mama waliokuwa wakipepeta mtama, nikawachukua vijana wanane wa kidato cha pili, nikawapanga katikati ya uwanja wa mpira. Ungo mkono wa kushoto, fimbo mkono wa kulia, bega kwa bega, tembeeni kuelekea goli. Waende moja kwa moja, niliwasisitiza, kwa maana nawajua.

Hatua ishirini walikuwa sawa. Baada ya hapo mstari ukaanza kuteleza. Kila mmoja, bila kuambiwa, alikuwa akiusogeza ubavu wake wa kulia ulio wazi nyuma ya ungo wa mwenzake, na mwenzake naye vivyo hivyo, hadi yule wa kulia kabisa, ambaye hana ungo wa kujibanza, anazidi kujivuta pembeni. Walilikosa goli. Waliishia kwenye jiwe la kona, upande wa kulia, wakicheka na kulaumiana. Thucydides, mwanahistoria mwingine wa Kigiriki, ameandika jambo hilohilo kuhusu majeshi yaliyokutana Mantinea mwaka 418 KK, kwamba mistari yote huteleza kulia kwa hofu ya kila mtu kwa ubavu wake, na kwamba anayeanza ni yule wa mwisho kulia. Nilikuwa nimemkariri bila kumwelewa. Nyungo nilizirudisha saba nzima na moja imepasuka ukingo, na mwenyewe hakupendezwa na Thucydides hata kidogo.

Si kila mtu aliipenda ngao hiyo. Archilochus, mshairi wa kisiwa cha Paros, aliitupa yake kichakani wakati wa kupambana na Wathrakia, akakimbia, kisha akatunga shairi akisema atanunua nyingine. Kwa Sparta, ambako shamba lote la Messenia lilitekwa na wenyeji wake wakageuzwa watumwa wa kulima, utani wa namna hiyo usingechekesha. Wasparta waliweza kukaa wakifanya mazoezi mwaka mzima kwa sababu mtu mwingine alikuwa akiwalimia. Hilo nawaambia wanafunzi kila wanapoanza kuwasifu.

Nilirudi Farkwa wiki ya mwisho, na habari mbili nilizotaka kuzipima. Ya kwanza ni ya Chalcis na Eretria, miji miwili jirani ya Euboea iliyogombea uwanda wa Lelanton. Strabo, mwandishi wa karne nyingi baadaye, anasema walikuwa na nguzo ndani ya hekalu la Artemis iliyoandikwa makubaliano ya kutotumia silaha za kurushwa kutoka mbali. Wapo wasomi wanaotilia shaka nguzo hiyo. Baba mkwe hakuitilia shaka. Alitaka tu kujua ni upande gani uliokuwa hauna wapiga mishale wazuri, maana huo ndio ulioomba mkataba.

Ya pili ni ya Thyrea. Karibu mwaka 546 KK, Sparta na Argos waligombea ardhi ya mpakani. Wakakubaliana kuokoa watu: kila upande utoe wanaume 300, majeshi mengine yarudi nyumbani yasije yakashawishika kusaidia, na ardhi iwe ya watakaoshinda. Walipigana hadi giza. Kati ya 600 wakabaki watatu, Alcenor na Chromius wa Argos, na Othryades wa Sparta. Wale wawili wakaona wameshinda, wakakimbia kupeleka habari. Othryades alibaki uwanjani usiku ule, akazivua maiti za Argos silaha zao, akazibeba kambini kwake, akakaa mahali pake. Kesho yake pande zote mbili zikadai ushindi: Argos kwa kuwa wamebaki wengi, Sparta kwa kuwa wale wawili walikimbia na mtu wao hakuondoka. Ubishi ukawa ngumi, ngumi zikawa vita kamili, wakafa wengi wa wale ambao mkataba ulitaka kuwaokoa. Sparta wakashinda. Othryades, inasemwa, alijiua kwa aibu ya kurudi peke yake.

Baba mkwe alisikiliza hadi mwisho akichokonoa moto.

"Wale wawili," akasema, "hawakuwa wachungaji."

Kwa nini, baba?

"Mchungaji huhesabu kabla ya kuondoka."

Wakati narudi, bodaboda ilipata pancha karibu na daraja la Bubu. Mto ulikuwa mchanga mtupu, wanawake wamechimba visima vidogo wanachota kwa vibuyu. Nikakaa kivulini kumalizia Marathon, ambayo sitaki kuieleza sana kwa kuwa kila kitabu kinaieleza: Waathens na wenzao wa Plataea wakakimbilia mstari wa wapiga mishale wa Uajemi, katikati ya Wagiriki pakavunjika, pembe zao mbili zikazunguka, na Herodotus anahesabu Waathens 192 waliokufa dhidi ya Waajemi 6,400. Hapo ngao ilishinda mshale, na Wagiriki wakaamini hivyo kwa miaka 65.

Mwaka 425 KK, kwenye kisiwa cha Sphacteria mbele ya Pylos, nchi ya Nestor mwenyewe, hopliti 420 wa upande wa Sparta walizingirwa na watu wepesi wenye pinde, mikuki ya kurusha na mawe, wasiokubali kusogea karibu. Hapakuwa na uwanda wala wa kusukumana naye. Walionusurika, 292, wakajisalimisha, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia kwa Sparta. Baadaye mtu mmoja alimkejeli mateka, akidokeza kwamba mashujaa wa kweli ni waliokufa. Mateka akamjibu kwamba ungekuwa mshale wa thamani kubwa ule unaojua kuchagua mashujaa. Naliona jibu hilo kama la mtu aliyeshindwa ambaye bado hajamsamehe mpiga upinde. Nikafikiria Usandawe mwaka 1902, watu wa upinde walipowainukia Wanyamwezi waliolowea kwao, jeshi la Wajerumani likaja na bunduki, likaua mamia na kuswaga mifugo. Huko nako hapakuwa na uwanda, na aliyeshindwa alikuwa mwenye mshale.

Siku ya mtihani niliondoka Chemba na basi la saa kumi na moja alfajiri. Lami ya siku hizi inakufikisha Dodoma jua halijakomaa. Swali la lazima liliuliza kama vita vya Wagiriki wa mwanzo vilikuwa na kanuni, au kanuni hizo zilibuniwa na vizazi vya baadaye vilivyowatamani mababu. Nilimpa Victor Davis Hanson haki yake: mwanahistoria na mkulima wa zabibu wa California ambaye anajua kwa mikono yake jinsi mzabibu na mzeituni unavyogoma kufa hata ukatwe, na kwa hiyo akaona kwamba jeshi liliingia bondeni kumtukana mwenye shamba ili atoke, zaidi ya kumfilisi. Nikawapa wanahistoria wenzake Peter Krentz na Hans van Wees haki yao, wanaoonyesha kwamba kuvizia, kuchoma na kupora hakukukoma kamwe. Nikamweka Nestor katikati na ng'ombe wake wote, idadi kwa idadi. Nilipofika Thyrea tarehe ikanitoka. Nikaandika karne ya 6 KK na kusonga.

Hoja ya kuhesabu kabla ya kuondoka niliiandika pia. Chuo chetu kinataka kila hoja iwe na mwenyewe, jina na mwaka. Nikashika kalamu hewani hadi msimamizi akatangaza dakika tano, kisha nikaandika: mfugaji, Farkwa, mazungumzo. Mwaka nikaweka wa mwaka huu.